Kuchaji Gari la Umeme Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu anayenunua gari la umeme kwa mara ya kwanza huanza na chaja: ipi ina nguvu zaidi, ipi inaunganishwa na simu, ipi inapendeza ukutani. Mimi ningemwomba aanze na mambo mawili mengine, yaani kilomita anazoendesha kwa siku na hali ya nyaya za nyumba yake. Chaja huja ya tatu. Nimeyapanga majibu kwa mfuatano huo, na pale penye hatari ya moto au ya kupigwa shoti sikuona haya kurefusha maneno.

Gari langu litakula umeme kiasi gani kwa siku?

Gari dogo au la wastani hula kilowati-saa 15 hadi 20 kwa kila kilomita 100. Kilowati-saa ndiyo ile uniti unayoisoma kwenye mita. Ukiendesha kilomita 40 kwa siku, utahitaji uniti 6 hadi 8 kwenye betri. Njiani umeme hupotea kidogo kama joto, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo mita itahesabu kama 7 hadi 9.

Usichanganye kilowati na kilowati-saa, maana hapo ndipo wengi wanapopotea dukani. Kilowati ni kasi ya maji yanayotoka bombani. Kilowati-saa ni maji yaliyokwisha kuingia kwenye pipa. Chaja huuzwa kwa kilowati, betri huuzwa kwa kilowati-saa.

Sasa piga hesabu. Soketi ya kawaida ya volti 230 ikitoa ampea 10 inakupa kilowati 2.3, na uniti 9 zitaingia kwa saa nne tu. Gari likirudi jioni na kuondoka asubuhi, limekaa nyumbani si chini ya saa kumi. Katika saa hizo kumi, soketi hiyo hiyo inayodharauliwa imerudisha kilomita 100 na zaidi.

Basi nani hasa anahitaji chaja ya ukutani yenye nguvu?

Anayeendesha zaidi ya kilomita 100 karibu kila siku. Mwenye magari mawili ya umeme. Anayelipia umeme kwa bei inayoshuka kwa saa chache tu za usiku, ambaye lazima amalize kuchaji ndani ya saa hizo. Na mtu mmoja ambaye watu humsahau: yule anayeishi mahali umeme unapokatika ovyo. Ikiwa kwa usiku mzima una uhakika wa saa tatu tu za umeme, kilowati 7 zitakupa uniti 21 ndani ya saa hizo, na kilowati 2.3 zitakupa 7. Kwake yeye kasi inalipa.

Wengine wote wanaweza kuishi vizuri na kidogo kuliko wanachouziwa.

Kile kisanduku cha ukutani hasa kinafanya nini?

Hiki ndicho kitu ambacho natamani kila mnunuzi akijue kabla ya kutoa pesa. Chaja halisi imo ndani ya gari. Umeme wa nyumbani ni mkondo geu (AC), unaobadili mwelekeo kila mara, betri inapokea mkondo mnyoofu (DC) pekee, unaokwenda upande mmoja, na mtambo unaogeuza mmoja kuwa mwingine umefungwa garini kiwandani. Kisanduku cha ukutani ni swichi kubwa yenye akili. Kinahakikisha waya wa erthi upo, kinaliambia gari linaruhusiwa kuvuta ampea ngapi, kisha kinafunga swichi yake na unasikia ule mlio wa "tak".

Mazungumzo yao hupita kwenye waya mwembamba ndani ya kebo. Kisanduku hutuma mapigo 1,000 kwa sekunde, na urefu wa kila pigo ndio ujumbe: pigo likichukua asilimia 10 ya muda, gari linaelewa ampea 6, likichukua asilimia 50, ampea 30. Mpaka gari lijibu kwamba liko tayari, plagi haina umeme. Ndiyo maana mtoto akiishika plagi iliyoning'inia, akiitazama na kuichungulia, hapigwi shoti.

Jambo linalofuata kutokana na hilo linahusu mfuko wako. Gari lenye chaja ya ndani ya kilowati 6.6 litavuta 6.6 hata ukilifungia kisanduku cha kilowati 22. Nissan Leaf nyingi za mwanzo zilikuja na chaja ya ndani ya kilowati 3.3, na baadaye zikaja za 6.6. Kwa hiyo ukinunua gari lililotumika, tafuta namba hiyo kwenye karatasi zake kabla hujaingia dukani kuulizia chaja. Na usidanganywe na ile namba kubwa ya matangazo, 100 au 150. Hiyo ni kasi ya vituo vya barabarani, ambavyo vina mitambo yao mikubwa na vinapeleka mkondo mnyoofu moja kwa moja kwenye betri.

Naweza kuendelea na soketi ya kawaida tu?

Unaweza, ikiwa soketi inastahili. Wala usiipime kwa macho.

Birika la umeme huvuta kilowati 2 kwa dakika tatu, kisha hupumzika. Pasi huwaka na kuzima. Gari huvuta mfululizo kwa saa nane bila kupumua, na nyumba nyingi hazikufungwa nyaya kwa kazi ya namna hiyo. Sehemu dhaifu huwa ni pale chuma kinapogusana na chuma: meno ya plagi na soketi, au waya na skrubu yake. Mgusano uliolegea ukiwa na ukinzani wa nusu omu tu, ampea 10 zikipita hapo zinazaa joto la wati 50. Wati 50 ndani ya kijisoketi cha plastiki, ndani ya ukuta, usiku kucha. Gamba la plastiki la nyaya nyingi za nyumbani limetengenezwa kuhimili nyuzi 70 za Selsiasi. Likizidi hapo linaanza kukakamaa, kubadilika rangi na mwishowe kupasuka.

Niliwahi kuishi na soketi kama hiyo. Upande mmoja uligeuka rangi ya kahawia kidogo kidogo, nami nikadhani ni vumbi. Fundi alipoifungua, skrubu ya waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, ilizunguka kwa kidole. Hakukuwa na moto, lakini tangu siku ile siipiti soketi inayochaji gari bila kuigusa.

Kwa hiyo, mambo ninayoyataka kwenye soketi ni haya: iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye bodi ya breka, usiolisha friji wala soketi nyingine, waya usiwe mwembamba kuliko milimita za mraba 2.5, soketi iwe mpya, ya aina bora, yenye kubana, plagi iingie moja kwa moja bila adapta. Kwenye kebo iliyokuja na gari, kama ina kitufe cha kupunguza ampea, weka 8 au 10, hata kama plagi imeandikwa 13. Baada ya saa moja igusie kiganja. Vuguvugu si tatizo. Ukishindwa kuishikilia, au ukisikia harufu kama ya samaki au ya plastiki, chomoa na umwite fundi.

Na ekstensheni je?

Usitumie. Waya wake huwa mwembamba, una migusano mingi, na ukiwa umezungushwa kwenye kigurudumu chake joto halina pa kutokea. Kama kebo haifiki, sogeza gari au sogeza soketi.

Kilowati 3.7, 7.4, 11, 22: nichague ipi?

Namba hizi hutokana na aina ya umeme ulionao. Kwenye umeme wa njia moja (fezi moja) wa volti 230, ampea 16 zinatoa kilowati 3.7 na ampea 32 zinatoa 7.4. Kwenye umeme wa njia tatu (fezi tatu), ampea 16 kwa kila njia zinatoa 11, na ampea 32 zinatoa 22. Marekani soketi ya kawaida ni ya volti 120 na huishia kwenye kilowati 1.4 hivi, ndiyo maana wenye magari huko hukimbilia haraka laini ya volti 240. Ukisoma ushauri ulioandikwa na mtu wa huko kwamba "soketi haifai kitu", kumbuka anazungumzia soketi dhaifu kuliko ya volti 230.

Maoni yangu ni kwamba 3.7 haipewi heshima yake. Usiku mmoja wa saa kumi unarudisha kilomita kama 160 hadi 200, nyaya hazihangaiki, na nyumba nzima inabaki na umeme wa kupikia. Ikiwa laini yako ya njia moja ni imara, 7.4 ni chaguo zuri na la kudumu. Lakini kuomba njia tatu kwa ajili ya gari peke yake, wakati gari lenyewe linapokea 6.6, ni kutupa pesa. Kilowati 22 nyumbani ni chache sana zinazopata kazi ya kufanya, kwani magari mengi huishia 11.

Meni swichi yangu itabeba?

Soma namba iliyoandikwa juu yake. Tuseme ni ampea 60. Gari likichukua 32, zinabaki 28, yaani kama kilowati 6.4 kwa nyumba nzima. Jiko la umeme, hita ya maji ya kuogea na pasi vikiwashwa pamoja, breka itajikata, na kwa kawaida itajikata mtu akiwa na povu kichwani.

Dawa ni mbili. Ya kwanza haina gharama: panga gari lianze kuchaji saa tano au sita usiku, watu wakiwa wamelala. Ya pili ni chaja yenye kihisi kinachobanwa kwenye waya mkuu unaoingia nyumbani. Kihisi hicho hupima nyumba inavuta kiasi gani, na chaja hupunguza ampea za gari papo hapo na kuzirudisha nafasi ikipatikana. Kwenye nyumba yenye laini ndogo, hicho ndicho kipengele cha kulipia.

Waya wa unene gani?

Hapa ndipo watu hubana pesa pasipostahili. Chukua mfano wa bodi ya breka iliyo umbali wa mita 30 kutoka maegesho, na chaja ya ampea 32. Ukivuta waya wa shaba wa milimita za mraba 4, unapoteza volti kama 8.4 njiani, na wati 270 hivi zinageuka joto ndani ya ukuta kila gari linapochaji. Kwa waya wa 6, volti 5.6 na wati 180. Kwa waya wa 10, volti 3.4 na wati kama 107.

Tofauti kati ya waya wa 4 na wa 10 ni zaidi ya wati 160. Kwa saa tatu kila usiku inakuwa nusu ya uniti, mwaka mzima karibu uniti 180, na waya unakaa ukutani miaka ishirini au zaidi. Joto nalo huongezeka kwa mraba wa ampea: ampea 32 huzaa joto mara kumi ya ampea 10 kwenye waya ule ule. Kwa umbali mfupi wa mita chache waya wa 6 unatosha katika nyumba nyingi; ukiwa mrefu, au ukipita kwenye dari lenye joto au ndani ya bomba lenye nyaya nyingine, nenda 10. Fundi akikwambia "hata wa 2.5 unabeba", mshukuru na umtafute mwingine.

Na umwombe avute waya wa mawasiliano (wa kihisi au wa intaneti) sambamba wakati huo huo. Kupasua ukuta mara ya pili kunauma.

Mbona kila mtu anasisitiza erthi?

Kwa sababu gari ni bati kubwa lililosimama juu ya matairi ya mpira, nje, na wewe unaligusa ukiwa umekanyaga ardhi, pengine yenye maji. Ndani ya nyumba, kifaa kikivujisha umeme, mara nyingi umesimama kwenye sakafu kavu. Nje huna bahati hiyo. Waya wa erthi ndio unaoupa umeme uliovuja njia rahisi kuliko mwili wako.

Chaja nyingi hukataa kufanya kazi zisipoona erthi. Taa nyekundu inawaka, mwenye gari anakasirika, kisha anatokea mjuaji wa kumwonyesha "njia": kuunganisha waya wa nyutro na tundu la erthi kwenye plagi ili chaja idanganyike. Nawasihi wote wanaosoma haya, msifanye hivyo wala msiruhusu mtu kuwafanyia. Siku nyutro itakapokatika kabla ya kufika hapo, au fundi wa mtaani atakapobadilishana laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro nyaya zikitengenezwa, bodi nzima ya gari itakuwa na volti 230. Anayefungua mlango ndiye atakayegundua.

Kuna hatari nyingine inayofanana nayo ambayo hata mafundi wazuri hawaifikirii. Katika mitandao mingi ya umeme, erthi ya nyumba na nyutro ya kampuni ya umeme huunganishwa mahali umeme unapoingia. Nyutro ya barabarani ikikatika, erthi nzima ya nyumba inaweza kupata umeme, na gari lililo nje linakuwa nao pia. Uingereza kanuni zinalitazama jambo hili kwa makini; ama chaja inafungwa fimbo yake ya erthi, ama inakuwa na kifaa cha kutambua hitilafu hiyo na kukata nyaya zote, pamoja na ya erthi. Muulize fundi wako nyumba yako imeunganishwa vipi. Asipoelewa swali, umeshapata jibu.

Erthi hupimwa kwa mita maalumu, haitazamwi. Fimbo ya shaba iliyozamishwa kwenye udongo mkavu wa changarawe inaweza kuwa pambo tu. Na pimeni wakati wa kiangazi, maana udongo wenye unyevu wa masika hupendelea fimbo.

Breka ya kawaida haitoshi kunilinda?

Haitoshi. Breka ya kawaida hulinda waya usiungue. Haioni umeme mdogo unaopita kwenye mwili wa mtu. Kazi hiyo ni ya RCD, kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na kukata tofauti ikifika miliampea 30.

Zipo za aina kadhaa na tofauti yake ina maana. Aina ya AC, ile ya bei nafuu, hupofuka ikipitiwa na mkondo mnyoofu, na gari la umeme lenye hitilafu linaweza kuvujisha mkondo huo. Kifaa kipo, kitufe cha majaribio kinafanya kazi, lakini siku ya siku hakikati. Kinachotakiwa ni aina ya B, au aina ya A pamoja na chaja yenye uwezo wake wa ndani wa kukata mkondo mnyoofu ukifika miliampea 6. Chaja nyingi nzuri zinao. Utauona umeandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Kama haujaandikwa, chukulia haupo.

Plagi zenyewe zinatofautianaje?

Kwa kuchaji nyumbani utakutana na nne. Aina ya 1 ina matundu matano na iko kwenye magari mengi ya Japani na ya Marekani ya miaka iliyopita. Aina ya 2 ina matundu saba. Ilibuniwa na Mennekes ya Ujerumani, na Ulaya ikaifanya ndiyo yake. GB/T ni ya China. NACS ilitoka kwa Tesla, na sasa inaenea Marekani Kaskazini.

Mtego ni kati ya Aina ya 2 na GB/T. Kwa mbali zinafanana kama mapacha, lakini penye jino kwenye moja pana tundu kwenye nyingine. Gari lililotengenezwa kwa soko la China likauzwa kwingine huja na GB/T. Adapta zipo na baadhi ni nzuri, ila adapta ni mgusano wa ziada unaobeba ampea 32, kwa hiyo ni afadhali chaja iwe na plagi ya gari lako tangu mwanzo.

Ninunue chaja yenye kebo yake au yenye tundu tupu?

Yenye kebo ni rahisi kila siku: unashuka, unachomeka, umemaliza. Yenye tundu hukuruhusu kubadilisha gari lenye plagi nyingine bila kubadilisha chaja, na kebo ikiibiwa au ikikanyagwa unanunua kebo tu. Kama unajua gari hili utakaa nalo, chukua yenye kebo, na iwe ya mita 7 ikiwezekana. Ya mita 5 huonekana inatosha mpaka siku utakapoegesha kinyume.

Kwetu umeme unakatika na kurudi kwa nguvu. Gari litaungua?

Gari lenyewe lina ulinzi, na umeme ukishuka mno au kupanda mno huacha kuchaji. Hatari kubwa iko kwenye mshtuko wa umeme unaporudi au radi inapopiga karibu, kwa hiyo fungeni kifaa cha kuzuia mshtuko kwenye bodi kuu. Hicho hulinda pia friji na televisheni.

Kabla ya kununua chaja, uliza swali moja: umeme ukirudi saa tisa usiku, inaendelea kuchaji yenyewe au inasubiri nibonyeze kitu kwenye simu? Isiyoendelea yenyewe haikufai. Afadhali zaidi ile inayosubiri dakika chache kwanza, mpaka volti zitulie.

Stebulaiza ndogo ya friji usiiweke njiani. Haikuundwa kubeba mzigo huu, na itaungua yenyewe kwanza.

Naweza kuchaji kwa jenereta?

Kwa dharura. Jenereta ndogo za kubebeka mara nyingi hazina muunganisho wa nyutro na erthi, kwa hiyo chaja inalalamika kuwa erthi hakuna. Nazo nyingi hutoa umeme unaoyumba, ambao gari huukataa. Anayepanga kuzitegemea kila wiki angefaidika zaidi kuuliza juu ya sola.

Sola itatosha?

Inaweza kutosha vizuri sana, kwa sharti moja gumu: gari liwe nyumbani mchana. Wengi wanaofunga paneli kwa ajili ya gari wanagundua kwamba jua linawaka wakati gari liko kazini.

Likiwa nyumbani, kuna kizingiti cha kujua. Kiwango cha chini kabisa ambacho chaja inaweza kuliambia gari ni ampea 6, yaani kama kilowati 1.4 kwa njia moja, na 4.1 kwa njia tatu. Ziada ya paneli zako ikiwa chini ya hapo, gari halichaji au linaongezewa kutoka gridi. Kwa hiyo mwenye paneli chache ni afadhali achaji kwa njia moja hata kama ana tatu. Chaja zenye mpangilio wa sola hufuata jua zenyewe, zikipanda na kushuka kila wingu linapopita.

Kuchaji betri ya nyumba mchana ili usiku imwagwe kwenye gari sikushauri. Betri ya nyumba ya uniti 5 haimalizi hata kilomita 40 za gari, na kila ubadilishaji unapoteza umeme.

Nikichaji kila siku betri itachoka mapema?

Kuchaji polepole nyumbani ndiko kunakoipumzisha betri kuliko kote. Kinachoichosha ni kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni au imekauka, hasa kwenye joto. Kwa betri za nikeli na kobalti, weka kikomo cha asilimia 80 kwa siku za kawaida na ujaze 100 unapokaribia safari. Betri za chuma na fosfeti, zinazoitwa LFP, zinavumilia zaidi, na watengenezaji kadhaa husema zijazwe 100 mara moja kwa wiki ili gari lisome kiwango chake sawasawa. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Ila polepole kupita kiasi nako kuna hasara. Gari linapochaji, kompyuta na pampu zake ziko macho na hula wati mia mbili tatu muda wote. Kwenye kilowati 7 hilo halionekani; kwenye 1.4 ni sehemu kubwa ya unacholipia.

Mvua ikinyesha?

Chaji. Chagua tu kisanduku chenye alama ya IP54 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji) au zaidi kama kiko nje, na usiache plagi ikilala kwenye dimbwi. Jua kali la mchana huumiza kisanduku kuliko mvua, kwa hiyo tafuta ukuta wenye kivuli.

Nimepanga, nyumba si yangu. Nifanyeje?

Ongea na mwenye nyumba kabla ya kununua gari, na umwendee na jambo linaloeleweka: laini moja mpya yenye soketi imara na RCD yake, mita ndogo ya kuhesabu uniti za gari peke yake, na maandishi kwamba laini itabaki ukiondoka. Wenye nyumba wengi huogopa bili isiyo na mwenyewe kuliko wanavyoogopa gari. Mita ndogo huondoa hofu hiyo. Kwenye ghorofa lenye maegesho ya pamoja, kaeni wote mfunge laini moja nene yenye mfumo wa kugawana ampea. Kila mtu akivuta waya wake, wa tatu au wa nne atakuta nafasi imekwisha.

Programu ya simu na waifai vina faida?

Kupanga saa na kuona uniti vina faida. Lakini magari mengi yanaweza kupanga saa yenyewe, kwa hiyo usilipe mara mbili. Hakikisha chaja inafanya kazi kamili intaneti ikiwa imekatika, na kama inatumia OCPP, lugha ya wazi ambayo chaja na mifumo ya kampuni mbalimbali huelewana kwayo, ni bora zaidi, kwani kampuni iliyoiuza ikifunga huduma yake unaweza kuiunganisha na mfumo mwingine.

Gari linaweza kuwasha nyumba umeme ukikatika?

Baadhi yanaweza kutoa umeme kwenye soketi yake, kama Hyundai Ioniq 5 na magari kadhaa ya BYD. Friji, taa na kompyuta vinaendeshwa kwa ekstensheni fupi kutoka garini bila shida. Usichukue umeme huo ukauchomeka kwenye soketi ya ukutani ili uwashe nyumba nzima. Umeme utapanda mpaka kwenye nguzo, na fundi anayetengeneza laini hapo juu akidhani imezimwa ndiye atakayelipa. Kulisha nyumba nzima kunahitaji swichi ya kubadilisha inayotenga gridi kabisa, ikifungwa na mtu mwenye leseni.

Imeshafungwa. Usiku wa kwanza nifanye nini?

Mwombe fundi akuachie karatasi ya vipimo: erthi, RCD ilikata kwa milisekunde ngapi, volti zilishuka kiasi gani gari likivuta ampea zote. Bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD mbele yake. Kisha anza kuchaji jioni, ukiwa macho, wala si unapokwenda kulala. Baada ya saa moja pitisha kiganja kwenye plagi, kwenye kisanduku, na kwenye breka yake ndani ya bodi. Andika namba ya mita kabla na baada, uilinganishe na gari linavyosema. Tofauti ikizidi sana asilimia 15, kuna mahali umeme unapotelea.

Baada ya mwezi mwite fundi yule yule akaze skrubu zote upya. Shaba iliyobanwa hulegea kidogo inapopashwa joto na kupoa usiku baada ya usiku, na kazi hiyo ya robo saa ndiyo ambayo soketi yangu ya kahawia haikuwahi kuipata.